Mwalimu Alipwe kwa Lipi?

Mtoto wa Kiislamu wa Ganjoni, Mombasa, huwa na walimu wawili kwa siku moja, na walimu hao hulipwa kwa kanuni mbili zisizofanana. Asubuhi, akiwa na sare, yuko mbele ya mwalimu wa serikali. Mshahara wa huyu hutoka Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, kila mwisho wa mwezi, mtoto asome asisome. Alasiri, akiwa na kanzu au buibui, yuko mbele ya maalim wa madrasa. Huyu hupata ada ndogo ya mwezi, ambayo huchelewa mara kwa mara, kisha hupewa mkono wake mtoto akimaliza juzuu, na mkono mnono zaidi siku ya kuhitimu msahafu. Wazazi ni wale wale na mfuko ni ule ule. Lakini waambie kwamba mwalimu wa asubuhi naye alipwe kulingana na kisomo cha mtoto, uone mjadala utakavyowaka: huyu atasema ni haki iliyochelewa, yule atasema ni dhuluma. Wa alasiri wamemlipa hivyo tangu enzi za mababu, na sijasikia chama cha kumtetea wala cha kumpinga.

Suala la kuwalipa walimu kwa matokeo huletwa kwetu siku hizi na wachumi na mashirika ya utafiti kana kwamba limezuliwa juzi. Si jipya. Waislamu wa pwani wanalo katika vitabu vyao vya fiqhi. Waingereza walilijaribu katika shule zao kwa takriban miaka thelathini wakati wa Malkia Victoria, wakaliacha. Busia ililiona mwaka 1998, Tanzania mwaka 2013. Nikiziweka habari hizi bega kwa bega naona kwamba tunagombana pasipo. Tunauliza kama inafaa kulipa kwa matokeo, ilhali kinachoamua mambo ni aina ya matokeo yenyewe. Je, kile kinachopimwa ndicho tunachokitaka mtoto akijue, au ni kivuli chake tu? Nani anasikiliza? Na mwalimu anashindanishwa na nani?

Nianze na fiqhi, kwa kuwa ndiyo iliyolichambua jambo hili mapema na kwa makini. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, yanaitambua mikataba miwili ya kumlipa mtu kwa kazi. Wa kwanza ni ijara: unamwajiri mtu kwa muda maalumu au kwa kazi inayojulikana, na ujira ni haki yake akishaifanya. Wa pili ni juala: unatangaza kwamba atakayelitimiza jambo fulani atapata kadha. Wanazuoni huutolea ushahidi katika kisa cha Nabii Yusuf, pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme lililopotea. Katika juala hakuna malipo mpaka jambo litimie. Aliyezunguka siku kumi akimtafuta ngamia wa watu akarudi mikono mitupu hana anachodai. Kwa kuwa hatari yote imemwangukia mfanyakazi, mkataba huo haukufanywa pingu: kila upande unaweza kujitoa kabla kazi haijakamilika.

Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi, kitabu cha karne ya 13 kilichosomwa kwa vizazi katika darsa za Lamu, Mombasa na Unguja, inapofika kwenye ujira wa kufundisha Qur'ani inaruhusu makadirio ya namna mbili: kwa muda, au kwa kutaja sura zitakazofundishwa. Tazama ilipoliweka jambo hilo. Imeliweka katika mlango wa ijara. Mzazi anaweza kumlipa mwalimu kwa sura, lakini kwa ninavyoielewa, anachokinunua ni mafundisho ya sura hizo, ambayo yamo katika uwezo wa mwalimu. Akili ya mtoto, utulivu wa nyumba yao, mama anayemdurusisha usiku, hayo hayamo mkononi mwake. Nawawi aliifunga kazi kwa kipimo kinachoonekana bila kumgeuza mwalimu kuwa mtafuta ngamia.

Aliyeingia ndani zaidi ni Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, Tunisia ya leo, aliyefariki mwaka 870. Huyu ni Mmaliki, si wa madhehebu yetu, lakini kitabu chake kidogo kuhusu adabu za walimu kinasomeka kama kanuni za utumishi zilizoandikwa miaka 1,150 iliyopita. Humo anapokea majibu ya baba yake, Sahnun, kwa maswali ambayo mzazi wa Ganjoni angeyauliza leo. Ada ya kuhitimu huwajibika lini? Mtoto akiukaribia mwisho na kuvuka theluthi mbili. Na akifika nusu? Hapo mzazi halazimishwi. Je, mwalimu aache watoto aende kuzika au kumtazama mgonjwa? La, kwani ni mtu aliyeajiriwa, na saa zile si zake. Awatoze watoto zawadi juu ya ujira waliopatana na wazazi? Hilo si halali kwake.

Hiyo theluthi mbili inanipendeza mno. Aliyeiweka alizijua, nadhani, hila za pande zote: mzazi anayemtoa mwanawe katika chuo cha Qur'ani zikiwa zimebaki juzuu chache ili akwepe ada ya mwisho, na mwalimu anayeidai karamu ambayo hajaipika. Mikataba mingi ya bonasi ninayoisoma siku hizi haina busara ya aina hiyo. Ina kiwango kimoja tu. Ukikikosa kwa alama moja, huna kitu.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama katika miji yote ya Waswahili, chuo kilikuwa nyumbani kwa mtu, barazani au ukumbini, na wengi waliofundisha walikuwa kina mama. Mtoto alikuja na ubao, akaanza na herufi, akaingia juzuu Amma, akapanda. Kila kituo kilikuwa na chake, pesa au kitu cha kuliwa, na kuhitimu kulikuwa shughuli ya mtaa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameyaeleza mambo ya chuo na haki za mwalimu katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, na mtu mzima yeyote aliyesomea pwani akikisoma atajiona.

Mtihani wa chuo ulikuwa kusoma kwa sauti. Siku zote mbele ya mwalimu, na siku ya mwisho mbele ya watu, akiwamo babu aliyehifadhi Qur'ani kabla baba wa mtoto hajazaliwa. Mtoto akikosea irabu, ukumbi mzima unasikia. Ni vigumu kughushi matokeo ambayo kila msikilizaji anaweza kuyasahihisha. Hakukuwa na mwaka maalumu wa kumaliza: mmoja alihitimu na miaka minane, mwingine kumi na mitatu, na maalim akapata mkono wake kwa wote wawili. Tena, kuhitimu kwa watoto wa chuo cha Kibokoni hakukumpunguzia senti mwalimu wa chuo cha Kuze. Hapakuwa na orodha ya vyuo kumi bora. Sifa za mwalimu zilienea kwa midomo ya watu, na aliyekuwa wa pili katika sifa hakuitwa aliyeshindwa.

Waingereza walianza na nia inayokaribiana na hiyo, wakafika kwingine kabisa. Mwaka 1862 Robert Lowe, aliyekuwa msimamizi wa elimu serikalini, alizirekebisha kanuni za ruzuku za shule na kuzifungamanisha na mtihani wa mkaguzi. Mahudhurio ya mtoto yaliiletea shule shilingi 4. Shilingi 8 nyingine zilitegemea kusoma, kuandika na hesabu, na kila somo aliloanguka lilikatwa shilingi 2 na peni 8. Mkaguzi alifika mara moja kwa mwaka. Lowe alikuwa ameliahidi Bunge kwamba mfumo usipokuwa na tija basi angalau utakuwa wa bei nafuu, na unafuu ulionekana upesi, maana ruzuku ilishuka katika miaka ya mwanzo. Walimu nao walifanya ambalo mtu yeyote mwenye watoto wa kulisha angefanya. Waliwakaririsha watoto kitabu kile kile cha kusomea mwaka mzima, na masomo yasiyolipiwa yakatupwa kando. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliupinga mpango huo hadharani, na si rahisi mtumishi wa serikali kufanya hivyo. Ulianza kubomolewa mwaka 1890, na mwaka 1897 ulikuwa umekwisha.

Utaniambia kwamba chuoni nako watoto hukaririshwa. Kweli, na tofauti yake ndiyo moyo wa makala haya. Chuoni, Qur'ani ndiyo inayotakiwa. Mtoto akiisoma yote kwa usahihi hapana kingine kilichofichika nyuma ya mtihani. Kilichopimwa na kilichokusudiwa ni kitu kimoja. Katika shule ya Lowe, hadithi za kitabu cha kusomea hazikuwa na thamani kwa nafsi yake. Zilikuwa njia ya kujua iwapo mtoto anaweza kusoma kitabu chochote atakachokutana nacho. Mtoto aliyezikariri alimridhisha mkaguzi, akatoka shuleni hajui kusoma. Malipo kwa matokeo yanamsukuma mwalimu kuelekea kwenye kipimo, hilo halina shaka. Kinachobaki ni kuuliza kama kipimo kimekaa mahali pamoja na lengo. Vikitengana, pesa humvuta mwalimu akaliacha lengo.

Kwa hiyo kisa cha Busia na Teso kinastahili kusomwa polepole na kila anayetaka kuleta bonasi katika shule zetu. Mwaka 1998 na 1999 shirika la Kiholanzi, ICS, lilichukua shule za msingi 100 katika wilaya hizo za magharibi mwa Kenya na kuziingiza 50 katika mpango wa zawadi. Walimu wa darasa la nne hadi la nane katika shule zilizofanya vizuri, au zilizopanda zaidi kuliko awali, waliahidiwa vitu vya maana nyumbani: suti, vyombo vya mezani, seti za chai, mashuka na blanketi. Thamani yake ilikuwa baina ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Zawadi ilikuwa ya walimu wote wa madarasa hayo katika shule, si ya mtu mmoja, ili wasifichane mbinu. Na kwa kuwa waliopanga walizijua hila za shule zetu, mtoto ambaye hakufanya mtihani alihesabiwa kwa alama duni, isiwe faida kuwaficha wanyonge nyumbani siku ya mtihani.

Mpango ulikuwa umefikiriwa vizuri. Yaliyotokea yalifuatiliwa na Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer, ambaye baadaye, mwaka 2019, alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Katika mitihani iliyofungamana na zawadi, alama zilipanda. Lakini mahudhurio ya walimu yalibaki vile vile. Kazi za nyumbani hazikuongezeka. Namna ya kufundisha haikubadilika. Kilichozidi ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Watoto hao hao walipopewa mtihani mwingine usiohusiana na zawadi, faida haikuonekana, na mpango ulipofungwa, hata ile iliyokuwapo iliyeyuka.

Mzazi wa Mombasa hahitaji mchumi amfafanulie hayo. Ameyaishi tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ianze mwaka 1985 hadi ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Ni yale masomo ya saa kumi na moja alfajiri, tuisheni za likizo zilizopigwa marufuku kisha zikaendelea kwa majina mengine, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zikirudufiwa hadi maandishi yanafifia, na katika shule kadhaa za kibinafsi bahasha ya mwalimu ikihesabiwa kwa idadi ya alama za A. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu, Profesa Jacob Kaimenyi, alipoondoa utaratibu wa kuzipanga shule kwa matokeo ya mitihani ya taifa, wenye shule walilalamika kuliko walimu. Malipo kwa matokeo tulikuwa nayo muda wote. Hayakuwamo tu katika mkataba wa TSC.

Busia ina kisa kingine, kifupi zaidi, cha walimu wa chekechea. Kremer na Daniel Chen walieleza jinsi walimu wakuu walivyokabidhiwa fedha za kuwatuza wale wanaofika kazini bila kukosa. Wakuu hao waliwapa wote, waliofika na wasiofika. Nilicheka niliposoma, kisha nikawaelewa. Mtafiti ataondoka na daftari lake. Mwalimu mkuu atabaki na watu hawa, awaombe mwakani wamsaidie kwenye mashindano ya michezo, na mmoja wao ni shemeji yake. Anayesikiliza kisomo asiwe mtu anayeogopa kunyimwa chai.

Vuka Lungalunga uingie Tanzania, na hapo mambo yanaanza kufanana na chuo kwa namna ambayo waliobuni huenda hawakuikusudia. Shirika la Twaweza, ambalo kupitia Uwezo lilikuwa limewashtua wazazi wa Afrika Mashariki kwa kuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma habari ya kiwango cha darasa la pili, lilianzisha mpango ulioitwa KiuFunza. Mwaka 2013 na 2014 ulifika katika shule 350 za wilaya kumi. Shule nyingine zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 za Tanzania kwa kila mwanafunzi. Nyingine zilipewa ahadi: kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu akifaulu Kiswahili, Kiingereza au hesabu, mwalimu wa somo hilo apate shilingi 5,000, na mwalimu mkuu 1,000. Nyingine zilipata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu.

Tazama sura ya ahadi hiyo. Ni kwa kila mtoto, kwa kila somo, kwa kiwango kinachojulikana tangu mwanzo. Mwalimu wa Korogwe hampokonyi wa Sumbawanga. Na kinachopimwa ni stadi za msingi, ambazo humwongoza mwalimu kufundisha kusoma hata kama anachokiwaza usiku ni bonasi. Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao waliochapisha matokeo mwaka 2019 walikuta kwamba ruzuku peke yake haikuongeza kisomo. Ahadi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko, yasiyotosha kumpa mtu uhakika. Palipokuwa na ruzuku na ahadi pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kinachoonekana wazi, na faida ilikuwa kubwa kuliko ukijumlisha za pande mbili. Kwa lugha ya darasani: chaki bila hamu haikufaa, hamu bila chaki ilifaa kidogo. Uganda iliongeza ushahidi wa aina hiyo. Huko, katika jaribio la shule za msingi zipatazo 300 za vijijini, motisha za walimu zilionekana kuinua kisomo katika shule zenye vitabu, si katika zile zisizo navyo.

Halafu Twaweza, mwaka 2015 na 2016, wakafanya jambo ambalo natamani lingejulikana zaidi. Walilinganisha njia mbili za kulipa. Moja, iliyoitwa Stadi, ilimlipa mwalimu kwa kila ngazi ya kisomo ambayo mtoto ameivuka. Nyingine, Mashindano, ilikuwa ya kitaalamu zaidi: kila mtoto alilinganishwa na wenzake walioanza naye katika kiwango kimoja, na mwalimu akalipwa kwa nafasi aliyoipata mtoto wake miongoni mwao. Katika nadharia ya wachumi Mashindano ndiyo bora, kwani hata mtoto aliye nyuma kabisa anaweza kumletea mwalimu pesa. Katika madarasa ya Tanzania, Stadi haikushindwa nayo. Mwalimu alielewa anacholipiwa: mtoto huyu alikuwa anasoma silabi, sasa anasoma sentensi. Ngazi kwa ngazi, kila moja na ada yake. Hakuna maalim wa Mji wa Kale ambaye angeshangaa.

Serikali ya Tanzania yenyewe, katika miaka hiyo hiyo, ilichagua njia ya kushindanisha. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa 2013 ulizipanga shule zote kitaifa na kiwilaya kwa mtihani wa darasa la saba. Hakuna aliyelipwa kwa nafasi. Aibu ndiyo iliyokuwa malipo. Shule za mkiani zilipandisha kiwango cha kufaulu, na watafiti waliochungulia takwimu wakagundua sababu mojawapo: wanafunzi waliofika kwenye mtihani walipungua. Waliodhaniwa wataangusha shule hawakufikishwa huko. Katika chuo mtoto mzito alikuwa ada iliyochelewa. Katika orodha ya shule bora ni mzigo wa kutupwa.

Rwanda inanilazimisha nipunguze makali kidogo. Huko mashindano yalitumika na hayakuleta balaa. Mwaka 2016 na 2017 walimu wapya wa msingi katika baadhi ya wilaya waliahidiwa faranga 100,000 iwapo wangeingia katika asilimia 20 ya juu, wakipimwa kwa kisomo cha watoto na pia kwa kuhudhuria, kujiandaa na namna wanavyofundisha. Walihudhuria zaidi, watoto walijifunza zaidi, na hapakuwa na dalili kwamba ahadi hiyo iliwavuta wapenda pesa wakawasukuma nje wenye wito. Lakini Rwanda ni nchi ya imihigo, ambako hata meya hutia saini ahadi za kazi mbele ya rais, na mwalimu wa kijijini ameshazoea kuulizwa alichokitenda. Nisingependa mtu auchukue mkataba huo mzima mzima na kuutua Mombasa.

Mombasa tuna historia yetu. Kabla ya uhuru, mwalimu wa Kenya alilipwa kwa kutegemea mwajiri wake alikuwa misheni, serikali au baraza la wilaya, na kwa rangi ya ngozi yake. Chama cha walimu, KNUT, kiliundwa mwaka 1957 ili, pamoja na mengine, walimu wawe na mwajiri mmoja na masharti mamoja, na TSC ilipoanzishwa mwaka 1967 lilikuwa jibu la madai hayo. Anayemwona mwalimu wa leo akishikilia mshahara usiobagua na kumwita mvivu amesahau kwamba mshahara huo ulipiganiwa na watu waliojua maana ya kupimwa na mkubwa asiyewapenda. Ndiyo maana TSC ilipoleta tathmini ya utendaji, TPAD, mwaka 2016, vita vilianza siku ile ile. KNUT ilipinga kwa sauti, na mambo ya upandishaji vyeo yakafika mahakamani, hadi hukumu ya Julai 2019 ambayo, badala ya kumaliza ugomvi, iliwagawa walimu katika makundi mawili ya malipo.

Kwa maoni yangu TPAD ni hasara ya pande zote. Mwalimu hujaza fomu, hukaguliwa na mwenzake au mkuu wake, hupakia ushahidi mtandaoni, wengine wakilipia saiba kwa pesa zao, na mwishoni hupata alama ambayo haimwongezei chochote mwisho wa mwezi. Anayemsikiliza ni mtu wa chumba kimoja cha walimu naye, kama wale wakuu wa Busia. Na kinachopimwa ni makaratasi ya ufundishaji. Hakuna mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu anafungua kinywa na kusoma. Ina usumbufu wote wa malipo kwa matokeo bila malipo na bila matokeo.

Wala haki ya msingi haijatimia. Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, maelfu ya walimu wenye shahada waliingizwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, wakafundisha vipindi sawa na wenzao walioajiriwa kwa mshahara unaozidi mara mbili. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ilisema utaratibu huo ulikiuka haki zao. Huwezi kumwambia mwalimu wa namna hiyo habari za bonasi. Nawawi angeuliza kwanza: ujira wake umejulikana na umelipwa?

Chuo nacho nisikipambe kupita kiasi. Kilikuwa na bakora. Kilikuwa na watoto waliochota maji na kufagia ua wa mwalimu, kazi ambazo zilikuwa ada iliyojificha. Wengi walihitimu bila kuelewa aya moja kati ya walizozisoma. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyechapisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, alilisema hilo la elimu isiyofahamika kwa ukali ambao leo tungeuona wa kutusi, na Madrasa ya al-Ghazali ilikuwa jaribio la kufundisha kwa mpango mwingine. Kosa kubwa zaidi ni kwamba ada ya juzuu humfuata mwenye nacho. Mtoto yatima huhitimu kimyakimya. Habib Saleh wa Lamu aliliona hilo, na Riyadha yake ikawafungulia mlango watu ambao hawakuwa na cha kumpa mwalimu, ikiishi kwa sadaka na wakfu. Tangu mwaka 1986, mpango wa madrasa za chekechea ulioanzia Mombasa chini ya Bi Swafiya Said, kwa ufadhili wa Aga Khan, ulikwenda njia kama hiyo kwa vyombo vya kisasa: shule iliyotimiza viwango iliwekewa mfuko wa akiba, na faida yake ikasaidia kulipa walimu. Matokeo yalilipwa, lakini kwa shule nzima, na kwa fedha zinazodumu.

Msimamo wangu ni huu. Mshahara wa mwalimu ubaki ijara, ulipwe kwa ukamilifu na kwa wakati, na usipunguzwe kwa sababu ya alama za mtoto yeyote. Juu yake yafaa kuwe na ada ndogo kwa kila mtoto anayevuka ngazi ya kusoma na kuhesabu katika madarasa ya chini, kwa sababu hapo pekee ndipo kipimo na lengo ni kitu kimoja: anayesoma ukurasa asiowahi kuuona, anajua kusoma. Mtoto asikilizwe mmoja mmoja, na mtu ambaye si wa shule hiyo. Aliyevuka sehemu kubwa ya ngazi ahesabiwe, kama alivyosema mzee wa Qayrawan. Orodha ya walimu bora isiwepo. Katika madarasa ya juu na mitihani ya taifa, bonasi isisogezwe karibu, kwa kuwa huko tutaununua mtihani badala ya elimu, kama ilivyonunuliwa Busia kwa suti na seti za chai.

Mkataba wa sasa wa TSC na vyama vya walimu, uliotiwa saini Julai 2025, unafika 2029. Kabla ya kukaa tena mezani, KNUT na KUPPET wasingoje mwajiri awaletee fomu nyingine. Wapeleke pendekezo lao wenyewe, lianzie darasa la kwanza hadi la tatu, na vitabu vitangulie pesa.